Pelagia wa Masalia, Mkunga Aliyehamia kwa Walioachwa

Alizaliwa Ipole, katika nchi ya Sikonge, tarehe 8 Februari 1952, siku mvua iliporudi baada ya majuma matatu ya jua kali lililokuwa limeanza kukausha tumbaku mashambani. Kwa sababu hiyo bibi yake alimwita Kabula, mtoto wa mvua, na ubatizoni akapewa jina la Pelagia. Baba yake, Lugembe, alikuwa mrina asali aliyejulikana hadi Tabora mjini kwa asali yake safi na ukali wa maneno yake. Mama yake, Mektilda, alilelewa katika Kanisa la Moravian kabla ya kuolewa na Mkatoliki. Alimfundisha bintiye nyimbo za kwao na sala za kwa mumewe, wala hakuona kwamba zinagombana. Katika nyumba ile hapakuwa na mali nyingi, lakini palikuwa na heshima. Mtoto aliyepita pasipo kumwamkia mkubwa alirudishwa alikotoka akaanze safari upya.

Msimu wa asali wa mwaka 1961, Lugembe alimchukua binti yake aende naye mjini kupeleka nta. Walishuka kwenye lori nyuma ya mtaa wa Itetemia, wakakata njia kwa miguu, na njia ile ikawapitisha kwenye vibanda vilivyojibanza juu ya ardhi nyekundu iliyochoka. Baba akamshika mkono, akamwambia akaze mwendo. Mlangoni pa kibanda kimoja aliketi mwanamke mzee ambaye vidole vyake vilikuwa vimeliwa na ukoma. Pelagia akajichomoa mkononi mwa baba, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, bibi." Yule mzee akamtazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali zamani akasahau, kisha akaitikia, "Marahaba," na machozi yakamtoka. Walipokwisha kupita, Lugembe alimkaripia bintiye kwamba mahali pale watu hawasalimiwi. Mtoto akauliza, "Kwani baba, wao leo hawakuamka?" Katika uzee wake Lugembe alikuwa akisimulia kisa hicho mwenyewe, akicheka na kujifuta macho.

Mahali hapo paliitwa Masalia, na msomaji anapaswa kujua palivyopata jina hilo, maana bila hilo hataelewa maisha ya mtu huyu. Masalia hapakuzaliwa maskini. Palifanywa kuwa maskini, tena kidogo kidogo. Zama za misafara, mpagazi aliyeugua njiani kati ya pwani na Ujiji hakusubiriwa. Mzigo wake ulibebwa na mwingine, naye akaachwa penye kivuli na kibuyu cha maji. Waliopona walibaki palepale, kwa kuwa kwao kulikuwa mbali na aibu ilikuwa karibu. Serikali ya kikoloni ilipotafuta mahali pa kuwatenga wenye ukoma, ilisema wapelekwe huko, kwa sababu huko tayari kuna wagonjwa. Baadaye vibarua wasio na kwao, waliofukuzwa kwenye mashamba ya tumbaku, walipelekwa huko, kwa sababu huko tayari kuna wasio na kwao. Hatimaye hata takataka za mji zikaanza kumwagwa pembezoni mwake. Kila kitu ambacho wengine hawakukitaka kilipata sababu ya kupelekwa Masalia, na sababu ilikuwa ileile siku zote: viko vingine huko tayari. Kisha watu waliokuwa wakivipeleka walisimama mbali, wakatikisa vichwa, wakasema mahali pale pana laana.

Pelagia alikua akitamani utawa. Afya yake haikumruhusu kumaliza malezi katika nyumba ya watawa. Alirudi kwa wazazi akiwa na miaka kumi na tisa, akasomea ukunga, na mwaka 1974 akaanza kazi katika zahanati moja ya mjini Tabora. Alikuwa hodari, msafi, mwepesi wa mikono, na watu walimpenda. Yeye mwenyewe aliungama baadaye kwamba miaka ile alijiona mwema, na kwamba kujiona mwema ndiko kulikomziba macho.

Wito wake ulikuja tarehe 14 Septemba 1979, siku ya Kutukuka kwa Msalaba. Asubuhi ile Mwanamkuu, mke wa fundi mwashi aitwaye Shomari, aliletwa zahanati akiwa amekalishwa juu ya baiskeli, uchungu umemshika tangu jana yake. Mwandikishaji alimwuliza anatoka wapi. Mwanamkuu alipojibu Masalia, alionyeshwa benchi la mwisho. Wanawake waliofika nyuma yake wakaingia mbele yake. Mara mbili Pelagia alipita karibu na benchi lile, mara mbili mume akasimama kumwita, na mara mbili yeye akasema, "Subiri kidogo, baba." Jua lilipofika utosini, mtoto alizaliwa palepale kwenye benchi, hakulia.

Pelagia aliuosha ule mwili mdogo kwa mikono yake, akaufunga kwenye kitenge chake mwenyewe, akapiga magoti kumwomba mama yule msamaha. Alingoja matusi, na angeyapokea kwa shukrani. Mwanamkuu alimtazama bila hasira akasema, "Usilie, nesi. Sisi tumezoea."

Maneno hayo mawili, sisi tumezoea, yalimtoboa kuliko laana yoyote. Kwa majuma mawili hakula vizuri. Kisha akamwendea Padre Adriano, paroko wake, mzee mkavu asiyependa maneno mengi, akamwambia ameamua kuomba tena kuingia utawani ili afanye toba maisha yake yote. Padre akamsikiliza hadi mwisho. "Mwanangu," akasema, "dhambi ulitendea wapi?" Pelagia akajibu kwamba aliitenda zahanatini, kwa mtu wa Masalia. "Basi Bwana hakungoji nyumba ya watawa. Anakungoja Masalia."

Siku ya Jumatano ya Majivu, mwaka 1980, Pelagia alihamia huko. Aliyemjengea nyumba ya vyumba viwili ni Shomari, baba wa mtoto yule. Watu walipomshangaa Shomari kwa kumjengea mwanamke aliyemwacha mkewe benchini, alisema kwa ufupi, "Wengine nao walituacha. Huyu ndiye aliyerudi." Kuanzia hapo urafiki wa nyumba hizo mbili, ya Waislamu wenyeji wa Masalia na ya binti wa mrina asali, haukukatika hata siku moja.

Walimcheka wengi. Ndugu zake walikuja mara moja, wakakataa maji ya kunywa, wakaondoka. Zahanatini wenzake waliacha kutumia kikombe alichokinywea. Naye, kwa kuwa sasa aliishi ndani, alianza kuona yale ambayo hakuweza kuyaona kutoka nje. Aliona kwamba shida za Masalia hazikuwa nyingi. Zilikuwa moja iliyokuwa ikizunguka. Binti aliyekosa maji kwao alikwenda kuyateka mbali. Aliyekwenda mbali alifika shule saa nne. Aliyefika saa nne alichapwa. Aliyechapwa kila siku aliacha. Aliyeacha aliolewa na miaka kumi na mitano. Aliyeolewa na miaka kumi na mitano alijifungua kwa taabu. Na alipofikishwa zahanati, aliulizwa anatoka wapi. Ukoma ulikuwa umekwisha tibiwa miaka mingi, lakini shuleni watoto wa Masalia waliendelea kukalishwa nyuma, mbali na wenzao. Mwanamume aliyetafuta kibarua mjini alisema anatoka Itetemia, na akigunduliwa alifukuzwa kwa uongo, na watu wakasema, si unaona, watu wa Masalia waongo.

Pelagia alianza na jambo dogo. Aliwaomba watu waache kuficha kwao. "Jina hili tulipewa na waliotuacha," aliwaambia siku moja baada ya sala, "lakini walioachwa hawakufa. Walijenga, wakazaa, wakazikana kwa heshima. Mimi nimehamia hapa kwa hiari yangu, na kila fomu nitakayoijaza nitaandika Masalia kwa herufi kubwa." Ndivyo alivyofanya, na kila asubuhi kabla ya kazi aliandamana na watoto hadi mlango wa darasa. Alikuwa akiwasalimu walimu kwa adabu, kisha akisimama pale mlangoni bila neno mpaka aone kila mtoto amekaa mbele. Ilichukua mihula miwili. Mwalimu mkuu mmoja alisema alichoka kutazamwa.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 1991. Mji ulikuwa umekua, na ikaamriwa kwamba jalala dogo la pembezoni mwa Masalia lifanywe jalala kuu, shimo la ekari sita, umbali wa kurusha jiwe kutoka nyumba za watu. Mkutano uliitishwa. Ofisa mmoja, ambaye jina lake hatuna haja ya kulitaja, alieleza kwa upole kwamba eneo limechaguliwa kitaalamu, kwa kuwa tayari limezoea matumizi hayo. Pelagia aliposikia neno hilo, limezoea, alisimama. Mwanamkuu, aliyekuwa ameketi karibu naye, akamshika upindo wa kanga.

"Mheshimiwa," alisema, "mvua huwanyeshea wote, ila maji hukimbilia bondeni. Mnatutazama tumelowa, mnasema watu hawa wanapenda maji. Mimi naomba kuuliza jambo moja tu. Bonde hili lilichimbwa na nani?"

Ofisa akasema swali hilo liko nje ya ajenda. Pelagia akasema, "Basi na sisi tumekuwa nje ya ajenda miaka mia moja," akaketi. Mwezi haujaisha akapata barua ya uhamisho wa kwenda Nzega, na kuanza kazi mara moja.

Wengine walimshauri akatae. Yeye alitii, maana alisema mkunga hachagui tumbo. Lakini safari ile ilimvunja. Nzega, katikati ya wafanyabiashara, madereva na wachimbaji wa dhahabu, alijikuta hana mtu, na kwa mara ya kwanza sala ilimkauka mdomoni. Alimwandikia Padre Adriano kwamba aliwaona watu wa Masalia kama watoto aliowaacha mtoni, na kwamba bila yeye watazama. Padre alimjibu kwa mstari mmoja: "Nani alikuambia wewe ndiye ngalawa?" Barua hiyo aliitunza ndani ya kitabu chake cha sala, na alikuwa akisema ndiyo iliyomponya kiburi cha pili, ambacho ni kibaya kuliko cha kwanza.

Kwa kweli Masalia haikuzama. Malori ya kwanza yalipokuja kuchimba, Mwanamkuu, yule wa sisi tumezoea, alitandika mkeka katikati ya barabara, akaketi akaanza kumenya karanga. Wanawake wengine wakaleta mikeka yao. Hakuna aliyetukana wala kurusha jiwe. Dereva alipopiga honi, walimwitikia kwa pamoja, "Karibu, baba, shuka utusaidie kumenya." Siku ya tatu dereva mmoja alishuka kweli, akaketi, akamenya. Watu wa mjini wakaanza kuja kutazama, kisha kuuliza, kisha kuona haya. Jalala lilihamishiwa porini pasipo na makazi. Habari zilipofika Nzega, Pelagia alitoka wodini, akaenda nyuma ya jengo, akapiga vigelegele peke yake kama mama wa bibi harusi.

Alistaafu mapema akarudi mwaka 1994, akamwambia Shomari kwamba sasa ni zamu ya maji. Mashimo mawili yalikuwa yamekwisha chimbwa huko nyuma na kuachwa makavu, na wataalamu walisema chini ya Masalia ni mwamba mtupu. Shomari alichimba tena, na kwenye futi hamsini akagota. Akapiga tindo siku tisa. Pelagia akafunga siku hizo tisa, akila uji mara moja tu, akisali rozari ukingoni mwa shimo, na chini Shomari akianza kila pigo kwa Bismillahi. Siku ya tisa, mchana wa tarehe 22 Agosti 1995, mwamba ulipasuka na maji yakaja kwa kasi hata ikabidi Shomari avutwe kwa kamba akiwa amelowa hadi kifuani. Kisima hicho hakijakauka hadi leo, hata mwaka wa ukame mkubwa ambapo visima vya mjini vilitoa matope. Watu wengi wamekwenda kumwuliza Shomari kama ulikuwa muujiza wa Pelagia. Yeye huwajibu, "Mimi nilichimba, yeye aliomba, Mungu akatoa. Mgawanyo msiniulize."

Hata hivyo, kidonda kilichomuuma kuliko vyote hakikutoka kwa watu wa nje. Alikuwa amemlea kijana mmoja yatima, Yoramu, Mmoravian, mwenye akili za kupendeza. Alimfundisha kusoma mwenyewe, akamsimamia hadi akawa mwalimu, wa kwanza kutoka Masalia. Mwaka 2003 Pelagia alimtembelea shuleni alikokuwa akifundisha, akiwa na kanga yake iliyopauka na kikapu cha viazi vitamu. Walimu walikuwa wameketi barazani. Mmoja akauliza mgeni ni nani, naye Yoramu, bila kumtazama, akasema, "Ni mama mmoja tu, huwa anaomba msaada. Mimi kwetu Itetemia, lakini wananifuata." Pelagia aliweka kikapu chini. Akasema, "Asante, mwalimu, Mungu akubariki," akageuka. Alitembea hadi kituo cha basi. Kwa Mwanamkuu tu ndiko alikosema neno: kwamba hakumlaumu kijana, kwa maana mtu hakani kwao mpaka awe amefundishwa kwamba kwao ni aibu, na somo hilo Yoramu alifundishwa na wengi kabla yake. Aliendelea kumtaja kila siku katika sala za jioni, kwa jina, katikati ya majina ya wagonjwa.

Miaka sita ilipita. Jumapili moja ya mwaka 2009 watu walipokuwa wakitoka sala, Yoramu alikuja Masalia akiwa na sanduku lake, akapiga magoti mbele ya watu wote. "Shikamoo, mama," alisema. "Nimeomba uhamisho. Shule hii mpya ya hapa haina mwalimu mkuu, kila aliyepangiwa amekataa. Mimi kwetu ni hapa." Pelagia akamwinua, akasema, "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Hakuongeza lingine, na waliokuwapo wanasema kwamba siku ile walielewa habari ya Petro aliyemkana Bwana kuliko mahubiri yote waliyowahi kuyasikia. Chini ya Mwalimu Yoramu, shule ile mwaka 2015 ilifaulisha watoto ishirini na tisa kati ya thelathini na mmoja, ikazipita shule za katikati ya mji. Matokeo yalipobandikwa, mabibi wasiojua kusoma walikwenda kuyagusa kwa vidole.

Mama Pelagia aliugua mwanzoni mwa mwaka 2019. Alilala katika nyumba yake ya vyumba viwili, mlango wazi, watu wakiingia na kutoka. Paroko mpya alimjia na habari njema, kwamba wakuu wa parokia wamekubali azikwe kando ya kanisa kubwa, heshima wasiyopewa walei wengi. Alifumba macho, kisha akasema neno ambalo leo limeandikwa juu ya kaburi lake: "Msinihamishe." Alipokea Komunyo, akawaaga waliokuwapo mmoja mmoja, akafa saa sita mchana tarehe 6 Mei, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mwanamkuu.

Kaburi lilichimbwa na vijana Waislamu na Wakristo kwa kupokezana jembe. Waliokuja kumzika walitoka Tabora mjini, Sikonge, Nzega na mbali zaidi, maelfu kwa miguu, na wengi wao walikuwa hawajawahi kukanyaga Masalia ingawa walizaliwa umbali wa nusu saa. Ilibidi waulize njia. Waliowaelekeza walikuwa watoto wa shule waliovaa sare, waliosimama kwenye kila njia panda wakisema kwa sauti, "Karibuni Masalia." Mwanamkuu alipoombwa kusema neno kaburini, alisema kwamba amemzika dada yake, na kwamba kuna jambo moja ambalo hawatalizoea tena: kuachwa.

Kanisa halijatoa tamko lolote juu yake, nasi tunaandika haya kama watoto wanaosimulia habari za mama yao, tukiliachia Kanisa kupima. Watu husimulia mengi: homa zilizopoa, wasiozaa waliozaa, mchimbaji wa Nzega aliyetolewa hai kifusini akilitaja jina lake. Lililo wazi kwa kila mtu ni hili, kwamba tangu alipozikwa hadi tunapoandika, hakuna mama wa Masalia aliyekufa kwa uzazi. Wenye imani husema ni maombezi yake. Daktari mmoja alituambia ni maji safi, ni zahanati iliyojengwa kwa bidii ya wanakijiji, na ni mabinti wanaomaliza shule kabla ya kuolewa. Sisi hatuoni ugomvi kati ya majibu hayo mawili.

Anayetaka kumfuata asianze na miujiza. Aulize kwanza katika mji wake, parokia yake na ukoo wake, ni wapi ambako yote yasiyotakiwa hupelekwa, na ni maneno gani matamu yanayotumika kuyapeleka. Kisha aende huko, akae. Mwaka 2023 muuguzi kijana, Kulwa, binti wa Urambo aliyemaliza mafunzo kwa alama za juu na angeweza kupangiwa popote, aliomba Masalia. Ofisa wa ajira alidhani amekosea kujaza, akamwita, akamwuliza kama ana ndugu huko.

"Bado," Kulwa alijibu.